Abiria wa Saa Kumi na Dakika Kumi

Jina la kuzaliwa mwanamke huyu alikuwa nalo, lakini tangu aanze kazi ya kukata tiketi za ndege hakuna aliyelikumbuka. Kila mtu alimwita Kilomita. Ukimuuliza kutoka mji huu mpaka mji ule ni mbali kiasi gani, hafungui kitabu wala hashiki simu. Anafumba jicho moja, anakupa jibu: kilomita elfu sita na mia mbili, saa saba na robo ukienda, saa nane ukirudi, kwa sababu upepo wa huko juu una upande wake. Wauzaji wa duka la viatu la chini walikuwa wakimjaribu kwa kumtajia miji ya ajabu ajabu, ambayo wao wenyewe hawajui iko bara gani. Walichoka wao.

Na ndege yenyewe hajapanda hata siku moja. Usicheke, kinyozi hajinyoi.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, na meza mbili, na feni inayozunguka kwa manung'uniko, na kalenda za mashirika ya ndege ukutani, nyingine za miaka iliyokwisha pita, zimeachwa kwa uzuri wa picha. Mezani kwake palikuwa na tufe la dunia, lile la kufundishia watoto shuleni, limebonyea upande mmoja. Pembeni yake aliweka uzi mweusi wa kushonea. Mteja akianza kubisha kwamba ramani inaonyesha vingine, Kilomita anaguna.

"Ramani imetandazwa kama shuka, ndugu yangu. Dunia ni mviringo. Hebu sogea uone."

Anauvuta ule uzi juu ya tufe kutoka mji hadi mji, anaukaza, na mteja anaona kwa macho yake njia inavyopanda juu kwanza, karibu na barafu ya ncha ya dunia, ndipo ishuke. Hiyo ndiyo njia fupi, anamwambia. Wengi waliondoka wakitikisa kichwa, tiketi mkononi.

Alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara, nayo ilianza kwa bahati tu. Siku moja aliingia mama mmoja, binti yake amepaa asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza, na yeye nyumbani hakukaliki. Kilomita akamkalisha kwenye benchi, akavuta uzi, akaanza kumsimulia: sasa wamefungua mikanda, sasa vinapita vitoroli vya chakula, sasa chini yao ni bahari tupu, lakini binti yako haioni, amejifunika blanketi. Akawa anasogeza kidole kwenye uzi kila nusu saa. Mpaka ndege inatua, yule mama alikuwa ameshasinzia benchini mdomo wazi. Habari zikaenea. Tangu siku hiyo benchi halikukauka watu: wazee, wake za watu, dada za watu, wamekuja kusimuliwa safari. Bosi alilalamika wiki ya kwanza. Alipoona wanaosimuliwa ndio wanaorudi kukata tiketi, akaufyata.

Sharti la Kilomita lilikuwa moja. Hafungui mdomo mpaka mwenzake wa kaunta ya uwanja wa ndege, ambaye orodha za abiria anaziona kwenye kompyuta, ampigie amwambie: huyo mtu wako amepanda. Sharti hilo alilirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi. Mzee huyo alikuwa mcheshi kwa kila jambo isipokuwa hilo. "Kiti kisichokuwa na mtu usikisemee," alimwambia. Kilomita aliuliza kwa nini, na mzee akajifanya hajasikia, akaomba chai. Miaka ishirini na sita Kilomita hakulivunja sharti hilo. Sasa sikiliza alivyolivunja, na kwa nani.

Mama yake alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina refu, lakini daktari alipowaita pembeni alitaja siku, hakutaja wiki. Wakamrudisha nyumbani, chumba cha mbele, karibu na mlango, kwa sababu mwenyewe alitaka kusikia watu wanaopita. Macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli basi. Lakini akili, jamani! Akili ilikuwa wembe. Ukiweka chumvi kidogo zaidi kwenye uji atakuuliza kama umeachika.

Na kulikuwa na Kitinda, kitindamimba wa nyumba hiyo, mdogo wake Kilomita. Huyu aliondoka alfajiri moja miaka kumi na minne iliyopita bila kumuaga mama, mlango ameurudishia polepole kama mwizi. Baba yao alipofariki, hakuja kuzika. Alituma pesa. Zile pesa mama hakuzigusa, ziliishia kwa majirani. Tangu hapo huko aliko mambo yake yakawa ya kwenda na kuvunjika: kazi tatu, ndoa mbili, duka likaungua. Kila akimpigia dada yake simu, maneno yalikuwa yale yale. "Dada, ni mama. Sina radhi zake, ndiyo maana. Niombee." Kilomita anapeleka simu kitandani, na mama anageuzia uso ukutani.

"Radhi yangu haipandi simu," anasema. "Anayeitaka aifuate kwa miguu yake."

Basi daktari aliposema siku, Kilomita hakungoja. Alimkatia mdogo wake tiketi mwenyewe, kiti namba thelathini na moja, dirishani. Alimwambia, "Njoo sasa, wewe mtoto. Usipokuja safari hii utakuja kuliomba kaburi." Kitinda akalia, akaapa anakuja. Kutoka mji ule hadi mji huu ni kilomita elfu nane mia sita na arobaini, saa kumi na dakika kumi angani. Mama alipoambiwa aliomba abadilishiwe shuka. Kilomita akachukua likizo ya siku tatu, akabeba tufe lake na uzi mpaka nyumbani.

Siku ya safari, saa moja na nusu asubuhi kwa saa za hapa, simu ililia. Mwenzake wa uwanjani. "Amepanda, shoga. Thelathini na moja, dirishani. Mlango umefungwa, wanaondoka." Kilomita alipiga kigelegele kidogo cha peke yake jikoni, kisha akaenda kukaa kando ya kitanda na tufe mapajani.

"Amepaa, mama."

"Nasikia. Haya, nisimulie na mimi kama unavyowasimulia wake za watu."

Akamsimulia. Ilikuwa asubuhi nzuri, na ukitaka ukweli ndiyo asubuhi nzuri ya mwisho katika nyumba hiyo. Alimpaisha Kitinda mawinguni, akamfungua mkanda, akampa chai. Mama aliuliza maswali ya kichokozi: choo kiko wapi humo, na mtu akikoroma jirani afanyeje. Walicheka mpaka mama akakohoa. Saa tatu u nusu wakampitisha juu ya milima, saa nne wakamwingiza jangwani.

Saa nne na nusu simu ikalia tena, namba ya nje. Kilomita akatoka nayo ukumbini.

"Dada," sauti ikasema. "Ni mimi."

Mwanzoni hakuelewa. Alidhani siku hizi watu wanapiga simu wakiwa angani.

"Uko wapi?"

"Niko hapa hapa uwanjani. Nimekaa. Dada, nisamehe. Wameniita jina langu kwenye spika mara tatu. Nimesikia yote. Miguu haikuinuka. Nilikuwa nafikiria nikiingia mlangoni mama ataniambia nini, na miguu ikakataa. Nimeona haya kukupigia. Kuna ndege nyingine kesho saa hizo hizo, nimeshabadilisha tiketi. Nakuja, wallahi nakuja."

Nyuma yake Kilomita alisikia kengele ya uwanjani na mwanamke anatangaza. Alikuwa chini, hakuna ubishi. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alimtukana tusi moja ambalo sitalirudia, akakata simu, akampigia mwenzake wa kaunta.

"Nimekwambia amepanda," mwenzake akasema. "Ninaye hapa kwenye kompyuta. Abiria mia mbili na kumi na mmoja kwenye orodha, na vichwa vimehesabiwa mlangoni mara mbili, mia mbili na kumi na moja. Kama hayumo yeye, basi wamehesabu kichwa cha nani?" Akacheka. "Labda mashine zimekosea. Hukosea."

Kilomita hakucheka. Alisimama pale ukumbini ameshika simu, na sauti ya mama ikamfuata.

"Nani huyo?"

"Mtu wa ofisini, mama."

"Nikadhani ni Kitinda. Halafu nikasema hapana, Kitinda amelala sasa hivi. Ameegemeza kichwa dirishani, shingo itamuuma huyo. Njoo unieleze, wamefika wapi?"

Sasa wewe ungefanyaje? Rahisi kusema ungesema kweli. Mama wa siku za kuhesabu, anayevuta pumzi kwa sababu mwanawe yuko njiani, umwambie hayuko njiani? Kilomita aliwaza kwamba akimwambia, hiyo kesho haitafika. Aliwaza pia lile sharti, kiti kisichokuwa na mtu. Alilisukuma pembeni. Akarudi, akakaa, akaweka kidole kwenye uzi.

"Wako juu ya jangwa, mama," alisema.

Alifikiri atadanganya mpaka jioni, halafu atasema ndege imepata hitilafu, wamelazwa mji wa njiani, atafika kesho. Uongo mdogo, wa kawaida kwenye kazi yake. Ila mama hakumwachia nafasi ya kudanganya. Kadiri mchana ulivyokwenda, Kilomita alizidi kunyamaza na mama akazidi kusimulia.

"Ameamka. Amevua viatu. Jirani yake ni mwanamume mnene, anamkera kwa kiwiko. Chakula hakikumpendeza, amekula mkate tu." Mama aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwangalia mtoto anacheza uani. Kilomita akawa anasogeza kidole bila kusema kitu. Mara akasahau, akabaki ameduwaa.

"Sogeza kidole," mama akasema. "Hapo walishapita."

Kilomita akatazama macho ya mama. Yalikuwa meupe, yameelekea darini. Alijipa moyo kwamba labda amesikia uzi ukikwaruza. Alisogeza kidole. Akajaribu kumpima: akakisogeza nyuma kidogo, kimya kimya, amebana pumzi.

"Unamrudisha kwa nini?" mama akauliza. "Muache mwenzio aje."

Hapo aliliweka tufe chini ya kitanda, hakulishika tena. Saa tisa alasiri mama akakunja uso, akasema kuna wingu kubwa mbele, rubani anazunguka, watachelewa dakika ishirini. Ratiba ya kutua ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Dakika hiyo ilipofika Kilomita aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia mama. Mama akatikisa kichwa: bado. Saa kumi na mbili kamili akashusha pumzi ndefu. "Haya. Magurudumu yamegusa." Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe wa mwenzake wa kaunta. Imetua saa kumi na mbili. Imechelewa dakika ishirini, walikwepa dhoruba.

Kilomita aliingia bafuni, akajimwagia maji usoni. Nataka ujue kwamba hakuwa mwoga. Alishalala peke yake nyumba hiyo usiku aliokufa baba yake. Lakini hofu aliyokuwa nayo bafuni mle ilikuwa mpya, na alijua ilikotoka. Ameyafanya mwenyewe, kwa mdomo wake.

Kutoka uwanjani hadi kwao ni kilomita ishirini na nane. Mama alizihesabu. Hakuhesabu kwa namba; alihesabu kwa vitu alivyovijua kabla macho hayajafa. Ametoka geti la uwanja. Amepita kiwanda cha magodoro. Yuko penye mzunguko wenye saa mbovu. Anateremka kilima cha shule ya wasichana. Kilomita alikuwa amesimama katikati ya chumba, na kila kituo kilikuwa karibu kuliko kilichopita. Nje kulikuwa bado na mwanga, ule wa mwisho, na majirani walikuwa wanafunga madirisha.

"Ameingia mtaani kwetu," mama akasema. Alijaribu kujinyanyua, akajitengeneza kitambaa kichwani.

Kilomita akaenda mlangoni, akazungusha funguo mara mbili.

"Mfungulie mdogo wako."

"Mama, hakuna mtu."

"Wewe si ndiye uliyeniambia tangu asubuhi kwamba anakuja? Saa kumi umenihesabia. Leo amefika unamfungia mlango?"

"Mama, nakuomba."

"Nami nakuomba. Sijakuomba kitu mwaka mzima huu. Mfungulie."

Hakukuwa na hodi. Angalau angesikia hodi angeweza kuikataa. Alisimama ameshika funguo, na nyuma yake alisikia mama anashindwa kujinyanyua mara ya pili, pumzi zinakwaruza. Akafungua. Barazani hapakuwa na mtu. Mtaa ulikuwa mtupu, mbwa wa jirani amesimama katikati ya njia, ametazama nyumba yao, habweki. Kilichoingia ni ubaridi, mkavu, kama friji ikifunguliwa, ukampita mkono wa kulia.

Alipogeuka, kiti cha plastiki kilikuwa kando ya kitanda. Mchana kilikuwa ukutani, au labda alikisogeza mwenyewe alipokuwa anamlisha mama. Mpaka leo hana hakika.

"Umekonda," mama akasema. Hakusema na Kilomita.

Kikapita kimya cha kiasi cha mtu kujibu. Mama akacheka kidogo. Kikapita kimya kingine, kirefu, na machozi yakaanza kumtoka mama, akawa anaitikia, mm, mm, kama anayesikiliza mtu anayeeleza mambo mengi ya zamani. Kisha aliinua mkono wake, ule mkono uliokuwa hauwezi kushika kijiko, akauweka hewani, usawa wa kichwa cha mtu aliyepiga magoti. Vidole vikapapasa. Viliteremka nyuma ya sikio, vikakaa hapo.

"Nilikukasirikia, baba," akasema. "Miaka yote hiyo nilikukasirikia kwa sababu nilikupenda. Yamekwisha. Nimekuridhia. Nimekuridhia mbele ya Mungu na mbele ya watu, uendako na urudiko, ushike udongo uwe dhahabu. Yote niliyokuwa nayo nimekupa. Nenda salama."

Kilomita alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alitaka kupiga kelele, sio yeye, mama, rudisha maneno. Sauti haikutoka. Mama akashusha mkono. "Mpishe mwenzio apite," akasema, akageukia ukutani, akalala usingizi mzito ambao hajaulala kwa miezi. Mbwa wa jirani akaanza kubweka, akabweka mpaka alipofungiwa.

Asubuhi mama aliamka na njaa. Alikunywa uji bakuli zima, akalalamikia chumvi. Ungemuona ungesema daktari ni muongo. Simu ya kaunta ikaja saa moja na nusu: amepanda. "Nimempigia mwenyewe mpaka ndani ya ndege, shoga, nimeongea naye," mwenzake akasema, maana aliombwa hivyo. Siku hiyo Kilomita hakusimulia chochote. Tufe lilibaki chini ya kitanda. Mama hakuuliza nani yuko wapi, na hilo ndilo lililomtisha Kilomita mchana kutwa.

Saa moja kasoro robo jioni gari likasimama, na hodi ikapigwa, hodi ya mkono wa mtu. Kitinda alikuwa na mvi mbili tatu ndevuni na begi dogo. Wakakumbatiana mlangoni, akanuka jasho na safari, na Kilomita akamshika sana kwa sababu alikuwa na uzito. Hakumwambia ya jana. Aliwaza atamwambia baadaye, au hatamwambia kabisa, huenda mama ataona ni muendelezo wa ndoto. Kitinda akaingia, akaanguka magoti kando ya kitanda.

"Mama. Nimekuja. Nimeifuata kwa miguu yangu."

Mama akageuza uso polepole. "Nani huyu?"

"Mimi, mama. Kitinda wako."

"Kitinda alikuja jana," mama akasema kwa adabu, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea nyumba. "Ameshaondoka. Wewe ni mwenzake wa safari? Mpe mgeni maji, mwanangu."

Kitinda akamtazama dada yake. Uso ule Kilomita hatausahau. Kilomita akapiga magoti naye, akaushika mkono wa mama, akasema yote: simu ya saa nne na nusu, Kitinda aliyebaki benchini, safari aliyoisimulia huku anajua kiti hakina mtu. "Nilikudanganya, mama. Jana hakuja mtu. Huyu ndiye."

Mama aliutoa mkono wake, akaupeleka kwenye kichwa cha Kitinda, akapapasa nywele, paji la uso, akateremka nyuma ya sikio. Pale palikuwa na kovu la kuanguka ngazini, alipokuwa na miaka minne. Alipoligusa, vidole vikasimama.

"Ni wewe," akasema. "Ee Mungu wangu, ni wewe." Akamvuta kifuani, akamlilia kama mtoto mchanga, na Kitinda akalia, na Kilomita akaona labda imekwisha, labda Mungu ameingilia kati. Halafu mama akatulia ghafla.

"Na yule wa jana alikuwa nalo," akasema. "Kovu. Nililigusa. Basi nimempa nani?"

Kitinda akakishusha kichwa chini ya mkono wake.

"Nipe na mimi, mama," Kitinda akasema. "Neno moja tu linanitosha."

Mama alijaribu. Aliweka mkono kichwani pake, akafungua mdomo, akasema "Nime", akakwama. Akajaribu tena. Haikuwa hasira, haikuwa ubaya wa moyo, Kilomita anaapa hivyo. Alikuwa anataka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. "Silioni," akasema mwishowe, na hofu ilikuwa imemjaa sauti. "Nalitafuta, baba, silioni. Nilimwambia nimempa yote."

"Basi nitakaa hapa mpaka lipatikane."

"Kaa," mama akasema. "Usiondoke."

Alikaa. Siku mbili usiku na mchana hakutoka chumba kile, analala sakafuni, kichwa ameegemeza kwenye godoro chini ya mkono wa mama. Kila mama akizinduka anajaribu, na kila akijaribu nguvu zinapungua. Kilomita alikuwa akileta uji na kuurudisha jikoni.

Siku ya tatu asubuhi, dirisha liko wazi, watu wanapita kwenda makazini, mama alifungua macho. Midomo ikaanza kucheza. Safari hii haikukwama, ilicheza mfululizo, kama mtu anayesema sentensi nzima, ndefu, hadi mwisho wake. Kisha kifua kikapanda, kikashuka, hakikupanda tena.

Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa, hakuona midomo. Hakuthubutu kuinuka. "Dada," akasema akiwa vile vile, uso umezama kwenye shuka. "Wewe uko karibu na mdomo wake. Amesema?"

Kilomita alikuwa karibu, sikio lake liko shubiri moja tu, wala sauti haikulifikia. Neno moja lingemtosha mdogo wake kwa maisha yake yote, na neno hilo alikuwa nalo ulimini. Alilionea uchungu. Aliliogopa pia, kwa sababu sasa alijua kinachoweza kuja likisemwa.

"Sikusikia, mdogo wangu," akasema. "Midomo ilicheza. Sikusikia kitu."

Kitinda akaitikia kwa kichwa, taratibu, asije akauangusha ule mkono. Akaushikilia hapo juu ya nywele zake mpaka ulipopoa.